Mkono Uliopooza: Swali la Kwanza ni Mahali

Mpanda pikipiki aangukapo katika mwendo wa kasi, aghalabu hutanguliza bega. Bega husukumwa chini, kichwa hutupwa upande wa pili, na pembe iliyo baina ya shingo na bega hupanuka ghafula. Neva zipitazo katika pembe hiyo huvutwa kupita uwezo wake. Jeraha la ngozi litapona, mfupa uliovunjika utaunga, na baada ya majuma machache majeruhi atarudi nyumbani kwa miguu yake. Lakini mkono utakuwa unaning'inia ubavuni, hautii amri wala hauhisi mguso. Hapo huanza mashauri. Mmoja atamwambia asubiri. Mwingine atamwambia aukande kwa maji ya moto, jambo la hatari kwa ngozi iliyokufa ganzi. Wa tatu atamwambia afanye mazoezi kila siku. Mashauri hayo yote yaweza kutolewa kwa nia njema, na yote yakaruka swali lililopasa kutangulia: neva zimeumia mahali gani?

Wengi hudhani kwamba swali kubwa ni la kiasi, yaani kama neva zimeumia sana au kidogo. Kiasi kina uzito wake, lakini katika jeraha la bega ni mahali panapoamua kama subira ni tiba au ni kupoteza wakati. Jibu laweza kupatikana kabla ya mwezi wa pili, kwa vipimo viwili vya umeme ambavyo misingi yake imo katika masomo ya fizikia na biolojia ya shule ya sekondari. Kwa sababu hiyo hapana udhuru wa kutosha wa kumwacha majeruhi akae miezi mingi bila swali hilo kuulizwa.

Ramani ya neva za mkono si ngumu kama inavyodhaniwa. Kutoka katika ugwe wa mgongo, ule mkanda wa neva ulio ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, huchomoza mizizi mitano: wa tano, wa sita, wa saba na wa nane ya shingo, pamoja na wa kwanza wa kifua. Pingili za shingo ni saba, lakini mizizi yake ni minane, kwa kuwa wa kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza. Mizizi hiyo mitano huungana kuwa mashina matatu juu ya mtulinga. Kila shina hugawanyika mara mbili. Kisha magawanyo hayo hujipanga upya kuwa kamba tatu, kuuzunguka mshipa mkubwa wa damu wa kwapani. Katika kamba hizo ndimo zitokamo neva kuu tano za mkono. Mtandao huu wote huitwa pleksasi ya brakia.

Mvuto wa ajali waweza kuukata mtandao huu popote, lakini mpaka mmoja unapita mingine yote kwa umuhimu. Karibu na tundu ambamo kila mzizi hutokea katika uti wa mgongo kuna kifundo kidogo. Humo ndimo zikaamo seli mama za neva za hisia. Seli mama za neva za mwendo hazimo humo. Zimo ndani ya ugwe wenyewe. Neva ikikatika nje ya kifundo, ncha mbili hubaki, na daktari mpasuaji aweza kuziunga kwa kipande cha neva kilichochukuliwa, mathalani, mguuni. Mzizi ukinyofoka kutoka katika ugwe, yaani upande wa ndani wa kifundo, hakuna ncha ya pili ya kuungia, na kwa kawaida mzizi huo haurudishwi kazini. Hapo mpasuaji hana budi kukopa kutoka kwa neva jirani iliyosalimika. Mwaka 1994 mpasuaji Mfaransa Christophe Oberlin na wenzake walieleza njia ya kuchukua nyuzi chache za neva ya alna, ambayo hutawala misuli mingi midogo ya kiganja, na kuziunga na neva ya musuli ukunjao kiwiko. Mkopo huo hauwezekani ikiwa mizizi ya chini, iletayo nyuzi za neva ya alna, nayo imenyofoka. Kwa hiyo mahali pa jeraha ndipo panapochagua aina ya upasuaji, na hata kama upasuaji upo.

Sayansi iliyowezesha kuutambua mpaka huo ilianza na vyura. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kwamba ameupima mwendo wa ishara katika neva ya chura, akapata kiasi cha meta 27 kwa sekunde. Kabla yake mwalimu wake, Johannes Müller, alikuwa ameona kwamba jambo hilo huenda lisipimike kamwe. Mwaka huo huo wa 1850, mganga Mwingereza Augustus Waller alieleza yaliyotokea alipokata neva ziendazo katika ulimi wa chura: kipande kilichotengwa na ubongo kiliharibika. Katika majaribio yaliyofuata miaka michache baadaye, Waller alionyesha jambo la ajabu zaidi. Alipokata mzizi wa hisia baina ya kifundo na ugwe, nyuzi za upande wa nje hazikuharibika, kwa sababu zilikuwa bado zimeungana na seli mama zake ndani ya kifundo. Katika ugunduzi huo mdogo ndimo ulimolala msingi wa kipimo cha leo.

Kipimo cha kwanza ni cha upitishaji wa neva. Neva husisimuliwa kwa umeme mdogo juu ya ngozi, na elektrodi iliyowekwa mbali kidogo hupokea wimbi lipitalo. Umbali ukigawanywa kwa muda, mwendo hupatikana. Katika mkono wa mtu mzima mwenye afya, neva kuu hupitisha ishara kwa mwendo wa takriban meta 50 hadi 65 kwa sekunde. Lakini katika jeraha la pleksasi jambo litazamwalo kwa makini zaidi ni kimo cha wimbi, kwa kuwa kimo huonyesha wingi wa nyuzi zilizo hai.

Chukua mfano wa mtu ambaye kidole chake cha kati hakihisi hata kikichomwa pini. Neva ya hisia ya kidole hicho ikipimwa, yaonekana inapitisha wimbi lenye kimo kamili. Asiyejua ramani atafurahi na kumwambia mgonjwa kwamba neva yake ni nzima. Ajuaye ramani atanyamaza kidogo. Neva ile iko hai kwa kuwa haijatengana na seli mama yake. Hisia haifiki katika ubongo kwa kuwa njia imekatika upande wa ndani wa kifundo. Mzizi wa saba, uhudumiao kidole hicho, huenda umenyofoka. Wimbi lingepotea, ingejulikana kwamba walau sehemu ya jeraha iko nje ya kifundo, mahali ambapo neva yaweza kuungwa. Hivyo jibu lionekanalo zuri katika karatasi ndilo baya kwa mgonjwa. Jambo hili si geni: Waingereza Gilbert Bonney na Roger Gilliatt waliandika juu ya upitishaji wa neva za hisia baada ya pleksasi kuvutwa mnamo mwaka 1958.

Kipimo cha pili, elektromiografia, hutumia sindano nyembamba iingizwayo katika musuli. Musuli wenye afya, ukitulia, huwa kimya. Musuli uliotengwa na neva yake huanza kutoa vijimawimbi pasipo kuamriwa. Faida yake kwa swali la mahali imo katika uteuzi wa misuli. Misuli iliyo kando ya uti wa mgongo, na ile ivutayo mfupa bapa wa bega kuelekea mgongoni, hupata neva zake karibu kabisa na mizizi, kabla mashina hayajaanza. Misuli hiyo nayo ikitoa vijimawimbi, jeraha limefika kwenye mizizi. Ikiwa imesalimika na ile ya mkono imeathirika, yaelekea jeraha liko mbele zaidi. Baadaye sindano hiyo hiyo hugundua nyuzi za kwanza zinazorudi, kabla jicho halijaona musuli ukitikisika.

Vipimo hivi vina wakati wake. Neva iliyokatika haifi siku ile ile. Kipande kilichotengwa huendelea kupitisha ishara ya mwendo kwa siku kadhaa, na ile ya hisia kwa takriban siku 10. Vijimawimbi vya musuli huchukua majuma mawili hadi matatu kutokea, na zaidi katika misuli ya mbali. Kwa hiyo kipimo cha juma la kwanza chaweza kuonyesha uzima mahali palipokatika. Wakati ufaao kuanza ni juma la tatu au la nne. Kwa upande mwingine, neva iliyoungwa hukua kwa kiasi cha milimeta moja kwa siku. Kutoka shingoni hadi kiganjani ni kama sentimeta 70, yaani siku 700. Na musuli uliokaa bila neva kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuamka. Ndiyo maana wapasuaji hupendelea kufanya kazi yao baina ya mwezi wa tatu na wa sita.

Mpinzani wa maoni haya ana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba majeraha mengi ya pleksasi hupona yenyewe, hivyo subira yavuta heri. Ni kweli: neva iliyosongwa bila kukatika yaweza kurudi katika majuma au miezi michache, na kumpasua mtu wa namna hiyo kungekuwa kosa. Lakini hoja hiyo yaunga mkono kipimo badala ya kukipinga. Subira ya mtu ajuaye kwamba neva yake haikukatika ni tiba. Subira ya mtu ambaye mizizi yake imenyofoka bila yeye kujua ni ile ambayo wahenga waliiambia: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hoja ya pili ni kwamba mashine na wataalamu wake ni ghali na ni wachache. Hili halikanushiki, hasa katika Afrika ya Mashariki, ambako bodaboda zimeenea mijini na vijijini kuliko huduma za namna hii. Lakini mashine si mwanzo wa uchunguzi. Pini na kipande cha pamba huonyesha ni vidole vipi visivyohisi. Mkono wa mchunguzi huhisi ni musuli upi usiokaza. Kope iliyolegea na mboni iliyosinyaa upande ulioumia huashiria kwamba mzizi wa kwanza wa kifua huenda umenyofoka, na dalili hiyo huonekana bila chombo chochote. Mganga wa zahanati aandikaye mambo hayo, pamoja na tarehe ya ajali, amekwisha kuchora nusu ya ramani. Pia atajua ni mgonjwa yupi asiyepaswa kuchelewa kufikishwa penye mashine.

Wala mashine haijui kila kitu. Jeraha laweza kuwa ndani na nje ya kifundo kwa wakati mmoja, na wimbi lililopotea likauficha mzizi ulionyofoka. Mzizi wa tano hauna neva ya hisia iliyo rahisi kupimwa. Picha za uti wa mgongo, na wakati mwingine jicho la mpasuaji mwenyewe, hukamilisha jibu. Kwa sababu hiyo anayeshika elektrodi pasipo kuijua pleksasi hupata tarakimu tu.

Hapo ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Pleksasi ya brakia hupendwa na watahini na kuchukiwa na wanafunzi, kwa kuwa hufundishwa kama orodha ya majina ya kukariri. Ingefundishwa kuanzia swali la mkono uliopooza, mwanafunzi angeona kwa nini seli mama kukaa nje ya ugwe ni jambo la kufa na kupona kwa mkono wa mtu. Na mwanafunzi huyo, awe mganga, mwuguzi au jamaa tu wa majeruhi, atajua la kudai: mkono usiotikisika uchunguzwe mara moja na tarehe iandikwe, upimwe katika juma la nne, na mwezi wa tatu ukifika bila dalili ya kurudi, majeruhi awe amekwisha kuonana na mpasuaji wa neva.