Chakula kinaingiaje kichwani?

Mwanzoni mwa msimu wa kuuza pamba, binti mmoja alimleta baba yake kwangu kutoka Sapiwi, wilayani Bariadi. Mzee ana miaka 63. Wiki mbili kabla ya hapo alitoka nyumbani kwenda mnadani, njia aliyoipita tangu akichunga ng'ombe, na jioni akakutwa amekaa chini ya mti upande mwingine kabisa, hajui arudi vipi. Nyumbani maneno yalikuwa yameshaanza: nani kamfanyia? Msomaji wa Simiyu hahitaji nimweleze swali hilo linaweza kufika wapi. Katika Kanda hii ya Ziwa wapo wazee, hasa kina mama, waliouawa kwa sababu mtu aliugua na jirani akanyooshewa kidole.

Nilimpima. Presha 190 kwa 110. Sukari juu. Kiuno sentimita 112. Picha ya kichwa aliyopigwa baadaye Mwanza ilionyesha sehemu ndogondogo za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu. Hakurogwa. Alikuwa amepata viharusi vidogo, kimoja baada ya kingine, bila mtu kujua.

Nilipoanza kuuliza habari za chakula, binti alinikatiza: "Samahani daktari, chakula kinaingiaje kichwani?" Ni swali zuri, na wiki hii nalijibu mbele yako.

Zipo njia mbili. Ya kwanza tunaijua vizuri. Unene uliopitiliza, hasa wa tumboni, huleta presha na kisukari, na hayo mawili huharibu mishipa midogo ya damu. Ubongo ndio unaoumia mapema, kwa kuwa unatumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yote ya mwili ingawa uzito wake ni kama kilo moja na nusu tu. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa usahaulifu, dimensia, ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Kati yake yamo unene, presha, kisukari, lehemu mbaya na kukaa bila kufanya kazi za mwili.

Usidhani ni habari za Ulaya. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipima wazee wa miaka 70 na kuendelea, na ripoti yao ya mwaka 2013 ilisema asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Kuhusu kiharusi, utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulilinganisha Hai na Dar es Salaam. Tofauti za umri zikishasawazishwa, Hai walipata wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Nchi moja, ila maisha ya mjini yalikuwa na viharusi karibu mara tatu.

Njia ya pili ni mpya zaidi, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndiyo inayouziwa watu uongo mwingi. Kwenye utumbo wako mpana wanaishi bakteria kwa matrilioni. Wengi ni wapangaji wema. Kazi yao ni kula kile ambacho wewe huwezi kusaga, yaani nyuzinyuzi, ambazo vitabu vya lishe huziita makapimlo. Wakishakula hutoa asidi fupifupi za mafuta, na moja kati ya hizo, butireti, ndiyo chakula cha ukuta wa utumbo. Ukuta ukishiba unashikamana. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao huanza kula ute unaoulinda ukuta huo, na vipande vya bakteria hupenya kuingia kwenye damu. Kinga ya mwili inawaka kana kwamba kuna adui, siku baada ya siku, na mwako huo mdogo usiozimika unafika mpaka kwenye mishipa ya ubongo. Pia upo mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi, unaounganisha tumbo na ubongo, na habari nyingi zinazopita humo zinatoka tumboni kwenda kichwani.

Sasa niseme ukweli wa kitabibu: kwamba bakteria hao wenyewe husababisha mtu kusahau, ushahidi mwingi tulionao ni wa panya. Kwa binadamu tunaona uhusiano, bado hatujaona mkono wenyewe. Kwa hiyo akija mtu na kopo la unga wa "bakteria wazuri wa kurudisha kumbukumbu", weka hela yako mfukoni.

Lakini sehemu moja ya mnyororo huu imepimwa hapa hapa Tanzania, na mimi ndiyo iliyonifanya niandike. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa wataalamu wa Moshi na wenzao wa Uholanzi. Walichukua vijana wa kiume 77 wenye afya, mkoani Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini (mboga za majani, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa) wakapewa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili. Waliozoea chakula cha kisasa mjini wakapewa cha asili kwa muda huohuo. Kundi la tatu likanywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kwa wiki moja.

Wiki mbili tu. Waliohamia soseji na mkate, dalili za mwako zilipanda kwenye damu na askari wa kinga wakawa wazito kupambana na vimelea. Waliohamia chakula cha asili mwako ulishuka, na wiki nne baadaye sehemu ya nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Utafiti haukupima ubongo, na haukuwa na wanawake. Hata hivyo mimi, niliyefundishwa kwamba lishe hufanya kazi kwa miaka, nilishangaa.

Simiyu ina somo jingine jirani. Wahadzabe wengi wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na wachache wako Meatu, mkoani kwetu. Wanasayansi wa nchi nyingi wamekuja kuchunguza matumbo yao, kwa sababu wanaokula mizizi, matunda pori, ubuyu, asali na nyama ya kuwinda wana aina nyingi zaidi za bakteria kuliko Wazungu na Wamarekani. Aina nyingine hupungua msimu mmoja na kurudi msimu unaofuata, pamoja na chakula chake. Sisi wa kununua dukani hatuna misimu tena. Ni sembe Januari hadi Desemba.

Nirudi Sapiwi. Nilimuuliza mzee zamani alikula nini. Akachangamka, maana ya zamani anayakumbuka: ugali wa mtama au uwele, mlenda, choroko, nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, maziwa ya mgando na michembe. Siku hizi? Binti ndiye aliyejibu. Tangu wajenge karibu na senta, baba haendi shamba kwa miguu, anapanda bodaboda. Soda mbili kwa siku, chai ya sukari vijiko vinne, sembe nyeupe, na hela ya pamba ikiingia, chipsi mayai. "Tumpe michembe, daktari? Watu watasema tunamtesa mzee."

Hilo neno lilinichoma. Mimi mwenyewe nilipokwenda sekondari ya bweni, mayu alinifungia michembe kwenye kitambaa, nami niliificha chini ya sanduku mpaka ikaingia wadudu, kwa kuogopa wasichana wa mjini. Tumeita chakula cha umaskini kitu ambacho kina nyuzinyuzi tele, na kitambi tumekiita kunawiri. Takwimu za kitaifa zinaonyesha wanawake wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, na mwaka 2015/16 wakawa 28. Na siyo kwamba njaa imekwisha. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mnene na mtoto aliyedumaa, wote wakila sembe ileile.

Kwa hiyo nilimwandikia nini? Kwanza dawa ya presha na ya kisukari, kila siku, bila kuacha akijisikia nafuu. Msomaji, hapa usinielewe vibaya: michembe haishushi presha ya 190. Kisha soda ziishe, sukari ya chai ipungue, chumvi vilevile. Dona au mtama badala ya sembe. Choroko au dengu karibu kila siku, maana zinalimwa huko huko, na mboga ijae nusu ya sahani. Michembe na matobolwa kwa kiasi, badala ya ugali na si juu ya ugali, kwani mwenye kisukari wanga bado ni wanga. Mtindi usiotiwa sukari, wa maziwa yaliyochemshwa kwanza. Michembe na karanga vyenye ukungu vitupwe, msivioshe mkavirudisha chunguni. Sumukuvu haitoki kwa maji. Na mzee atembee, mjukuu akiwa naye.

Wewe uliye na mzazi mwenye miaka zaidi ya 40, na wewe mwenyewe ukishafika huko, nenda kituo cha afya mkapimwe presha na sukari hata kama hakuna anayeumwa. Mzazi akianza kupotea njia, kurudia swali lilelile au kubadilika tabia ghafla, mlete hospitali wiki hiyohiyo. Akipinda mdomo au mkono ukalegea, mlete saa hiyohiyo.

Mzee alirudi kliniki baada ya miezi miwili. Presha 142 kwa 88, kiuno kimepungua sentimita nne. Njia ya mnadani bado haikumbuki vizuri, na sikumuahidi binti kwamba itarudi. Ubongo uliokufa haufufuki. Tunachopigania ni kile kilichobaki. Aliniletea mfuko wa michembe, nami safari hii niliiweka mezani.