Jenerali Aliyekataa

Wako wanaotuambia kwamba askari hana dhamiri, ana amri tu. Hebu na wamtazame Jenerali Jacques de Bollardière wa Ufaransa.

Mnamo Januari 1957, katika vita vya Algeria (ambavyo sheria ya Ufaransa haikuviita vita hadi 1999!), Jenerali Massu alikabidhiwa mamlaka ya polisi jijini Algiers. Watu walikamatwa usiku, wakateswa kwa umeme na maji ili waseme. Wengine hawakuonekana tena. De Bollardière, Mkatoliki aliyewahi kupigana na Wanazi, alitakiwa kuufuata mwendo huo katika eneo lake. Alikataa. Mwezi Machi aliomba kuondolewa katika uongozi, na barua yake ikachapishwa katika gazeti la L'Express.

Mnasema jeshi lisiingilie siasa. Vema. Huyu hakuasi, wala hakuielekezea serikali bunduki. Aliwarejeshea madaraka wale waliompa. Malipo yake yakawa siku 60 za kifungo ngomeni.

Basi nami mwanasheria nauliza: waliotesa walifungwa siku ngapi? Hata moja. Machi 1962 zilitolewa amri za msamaha, na mlango wa mahakama ukafungwa mbele ya wajane. Hata majenerali walioiasi serikali kwa silaha mwezi Aprili 1961 walisamehewa mwaka 1968. De Bollardière alikuwa amekwisha kuliacha jeshi, mwaka ule ule wa maasi yao.