Usituonyeshe Injini Ikiwaka, Tuonyeshe Gari Ikisimama

Wasee, tuongee ukweli. Kila wiki kuna video mpya ya mtu amefufua gari ya zamani. Peugeot 504 iliyolala miaka kumi nyuma ya nyumba ya guka. Beetle iliyogeuka kuwa ya kuku. Datsun 1200 iliyofunikwa turubai tangu mwenyewe astaafu. Betri mpya, petroli kidogo kwenye kabureta, injini inakohoa, inawaka, watu wanapiga nduru. Wiki ya pili ni rimu. Wiki ya tatu rangi. Wiki ya nne ndinga iko barabarani, na mtu kwenye komenti anauliza breki ziko aje. Jibu: "Zimelegea kidogo, lakini ukipampu mara mbili tatu zinashika."

Hapo ndipo nakataa. Gari inayongoja upampu mara tatu haina breki, na wewe unayeiendesha hivyo unacheza na maisha ya watu ambao hawajaona hata hiyo video yako.

Piga hesabu. Ukiwa kwa 50 kwa saa, gari inakula karibu mita 14 kila sekunde. Kupampu mara tatu ni sekunde moja, pengine mbili. Kwa hivyo kabla hujaanza kusimama ushamaliza mita 14 hadi 28. Mtoto wa shule anayevuka hapo mbele hana habari kwamba gari yako ni ya kumbukumbu.

Sasa, kwa nini breki zinalegea na gari ilikuwa imepaki tu? Kwa sababu kupaki ndiko kunakoziua. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, huvuta unyevu kutoka hewani hata gari ikiwa imezimwa. DOT 4 mapya hayafai kuchemka kabla ya digrii 230. Yakishavuta maji, kiwango hicho kinashuka hadi kama 155, na yaliyokaa miaka mingi yanaweza kuwa mabaya zaidi. Shuka nayo Mai Mahiu ukikanyaga breki njia yote. Mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu wako unafika sakafuni. Halafu maji hayo hayo yanaleta kutu ndani ya masta silinda na kwenye silinda ndogo za magurudumu. Raba zinakauka na kupasuka. Paipu za mpira zinavimba kwa ndani, ukiziangalia nje ziko fiti kabisa.

Ndiyo maana ile dawa ya "ongeza mafuta, pampu mpaka chini" inanikera. Gari ikiwa inatumika, raba za masta hutembea sehemu fupi tu. Kule mbele, mahali hazifiki, kutu imejikusanya miaka yote hiyo. Ukikanyaga mpaka sakafuni unazisukuma juu ya hiyo kutu, zinachanika. Umeingia na shida moja, umetoka na mbili. Na kubadilisha pedi peke yake hakusaidii. Pedi mpya haiwezi kubana diski kama mafuta yanapita pembeni ya raba iliyokufa.

Pedali yenyewe inaongea, ni vile hatuiskizi. Ikiwa kama sponji, kuna hewa ndani. Ikipanda ukipampu, inaweza kuwa hewa, au laining za dramu ziko mbali zinahitaji kurekebishwa. Ukiikanyaga ukatulia nayo inazama polepole, masta imechoka au kuna mahali panavuja. Ikiwa ngumu kama jiwe na gari haisimami, angalia busta na paipu yake ya hewa, au laining zilizolowa mafuta. Ila ujue Beetle ya kawaida haina busta, hivyo ugumu kiasi ni tabia yake. Gari ikivuta upande mmoja, kuna silinda au kalipa imeshikana, au paipu imeziba.

Najua visingizio. Cha kwanza: "Gari za zamani ndivyo zilivyokuwa." Wacha hizo. Mwaka wa 1975 Peugeot 504 ilishinda Safari Rally kwa barabara za huku kwetu, matope, vumbi na miteremko. Unadhani dereva alikuwa anapampu kila kona? Zilikuwa zinasimama. Yako haisimami kwa sababu imelala.

Cha pili: "Naendesha polepole tu, mtaani." Mwenda pole hajikwai, sawa, lakini methali hiyo ilitungiwa mtu wa miguu. Na mtaani ndiko kuna watoto, boda na mikokoteni.

Cha tatu: "Doh haitoshi." Hii naielewa, hakuna mtu ana doh. Lakini ulipata ya rimu. Basi si doh, ni mpangilio. Anza na paipu za mpira, seti za raba au silinda mpya, na mafuta mapya ya aina inayotakiwa. DOT 5 ya silikoni usichanganye na DOT 3 au 4. Raba usioshe na petroli, zitavimba. Tumia mafuta ya breki yenyewe. Vumbi la dramu usilipulize na kompresa, laining nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, na hiyo inaua mapafu. Kama hujawahi kushika breki, mwite fundi anayezijua, na usimwache akuambie "hiyo itajiset." Haijiset.

Tena kumbuka, Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Hizi za guka ndizo tulizobaki nazo. Ukiigonga ukuta, ya pili utaitoa wapi? Na huo ukuta ukiwa mtu, hata hatutakuwa tunaongea kuhusu gari.

Kwa hivyo tubadilishe tunachopigia makofi. Video ya injini ikiwaka tumeziona elfu. Tafuta uwanja mtupu, fika 30 kwa saa, kanyaga mara moja tu bila kupampu, tuone gari ikisimama imenyooka. Rudia mara tano. Hiyo nitaishea. Na ukiona msee ameposti ndinga inang'aa iko barabarani, usiulize rangi ni ya wapi. Muulize inasimama kwa kanyagio ngapi. Akisema tatu, mwambie aipaki.