Sheria Iliyohitaji Wahalifu

Mwaka 1878, katika bonde la mto Tug Fork mpakani mwa majimbo ya Kentucky na West Virginia huko Marekani, mkulima mmoja mzungu, Randolph McCoy, alimshitaki jirani yake Floyd Hatfield kwamba amemwibia nguruwe. Kesi ilisikilizwa papo hapo kijijini, mbele ya hakimu mdogo ambaye naye alikuwa wa ukoo wa Hatfield. Waamuzi walikuwa wanakijiji 12, sita wa ukoo huu na sita wa ukoo ule. Mmoja wa akina McCoy akauunga mkono upande wa pili, Floyd Hatfield akaachiliwa, akaenda zake na nguruwe wake. Baadaye koo hizo mbili zilikuja kuuana, na hadithi yao imetengenezewa sinema zaidi ya moja. Lakini katika kesi ile ya nguruwe hakuna aliyekwenda jela.

Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1876, Baraza la Kutunga Sheria la jimbo la Mississippi lilikuwa limepitisha sheria ambayo wananchi waliipa jina la Sheria ya Nguruwe. Kwa sheria hiyo, wizi wa nguruwe, au wa mali yoyote iliyozidi thamani ya dola 10, ulihesabiwa kuwa ni wizi mkubwa, na mkosaji aliweza kufungwa hadi miaka mitano. Mwaka 1874 jimbo hilo lilikuwa na wafungwa 272. Mwisho wa mwaka 1877 walifika 1,072. Walio wengi mno kati yao walikuwa watu weusi.

Yafaa tujiulize: Je, katika muda wa miaka mitatu watu weusi wa Mississippi waligeuka ghafla wakawa wezi wa nguruwe kuliko wazungu wa milimani Kentucky? Mwenye akili timamu hawezi kulikubali jambo hilo. Nguruwe alikuwa ni yule yule, na njaa ya maskini ilikuwa ni ile ile. Kilichobadilika ni sheria, na sheria haikubadilika kwa sababu ya nguruwe.

Wengi wetu tuliujua uhalifu wa mashambani Marekani kwa kutazama sinema za kauboi. Humo tulionyeshwa jambazi mwenye bastola, sherifu mwenye nyota kifuani, na mji wenye barabara moja ya vumbi. Watu wa namna hiyo walikuwapo, hatukatai. Lakini ukipima kwa idadi ya watu walioumizwa, hadithi kubwa ya jinai katika mashamba ya nchi ile haikuwa ya jambazi aliyeivunja sheria, bali ya sheria yenyewe, iliyoandikwa kwa utulivu na watu wenye elimu, kisha ikatekelezwa na sherifu.

Asili yake ni mwaka 1865. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha, na watumwa wapatao milioni nne wakawa huru. Marekebisho ya 13 ya Katiba yakapiga marufuku utumwa na kazi ya kulazimishwa, isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai. Maneno hayo ya "isipokuwa" yalikuwa machache, lakini mlango uliobaki wazi ulitosha kupitisha mashamba mazima ya pamba. Mwenye shamba wa Kusini alikuwa na ardhi na hakuwa na mikono ya kuilima. Mikono ilikuwapo, ila sasa ilidai ujira. Basi njia ikapatikana ya kuirudisha mikono ile shambani bila ujira na bila kuivunja Katiba, nayo ni kumfanya mwenye mikono kuwa mhalifu.

Mwezi Novemba mwaka ule ule wa 1865 Mississippi ilitunga sheria ya uzururaji. Mtu mweusi alitakiwa kila mwezi Januari awe na hati ya kuthibitisha kuwa ana kazi. Asiyekuwa nayo aliweza kukamatwa na kutozwa faini, na akishindwa kuilipa, alikodishwa kwa yeyote atakayemlipia. Yatima na watoto wa maskini walitolewa wakawe wanagenzi, na kipaumbele cha kuwachukua alipewa bwana wao wa zamani. Neno uzururaji si geni kwetu, kwani sheria za namna hiyo za huko na zile tulizoachiwa sisi na wakoloni zina mzazi mmoja, naye ni Uingereza.

Hata hivyo kiini cha dhuluma hii hakikuwa katika maandishi ya sheria peke yake. Kilikuwa katika namna ya kuwalipa watekelezaji wake. Katika wilaya za Alabama, kwa mfano, sherifu na karani wa mahakama hawakutegemea mshahara. Walitegemea ada zilizotokana na kila kesi: ada ya kukamata, ada ya hati, ada ya shahidi. Ada hizo zote aliyehukumiwa ndiye aliyebebeshwa juu ya faini yake. Maskini asiyeweza kulipa alizigeuza kuwa siku za kazi. Hivyo hukumu ya mwezi mmoja kwa kosa dogo iliweza kunenepa ikawa miezi mingi mgodini, si kwa uzito wa kosa bali kwa wingi wa watu waliokuwa wanamdai. Mwalimu aliyetusomesha chuoni tulipokuwa wadogo alikuwa akituambia kwamba kadhi mwenye njaa huusikiliza ushahidi kwa tumbo. Hakuwa amefika Alabama.

Faida ilipanda ngazi kutoka kwa sherifu hadi kwa wakubwa. Mwaka 1868 tajiri wa pamba Edmund Richardson alikabidhiwa wafungwa wa Mississippi. Kinyume na inavyodhaniwa, si yeye aliyelilipa jimbo. Jimbo ndilo lililomlipa yeye dola 18,000 kwa mwaka kwa ajili ya matunzo yao, na mazao ya jasho lao yakawa yake. Huko Georgia, Joseph E. Brown, aliyepata kuwa gavana na baadaye seneta, alichimbisha wafungwa makaa ya mawe katika kampuni yake ya Dade. Mtunga sheria, mwajiri na mlinzi wa mfungwa wakawa mtu mmoja au marafiki waliokula meza moja. Katika hali hiyo nani angetaka uhalifu upungue?

Wako wanaosema kuwa huo ulikuwa ni utumwa tu uliobadilishwa jina. Sisi twaona kuwa kwa upande mmoja ulikuwa mbaya zaidi. Mtumwa alinunuliwa kwa fedha nyingi, na bwana wake, hata kama hakuwa na huruma, aliihurumia fedha yake. Mfungwa wa kukodi hakumgharimu mkodishaji mtaji wowote, na akifa sherifu aliweza kuleta mwingine. Mwaka 1882, kati ya wafungwa weusi 735 wa jimbo la Mississippi, 126 walikufa. Mahakama haikuwa imemhukumu kifo hata mmoja wa hao 126.

Waliokuja kuutikisa mpango huu huko Tennessee hawakuwa majaji wala wachungaji, bali wachimba makaa. Kampuni iliwaleta wafungwa katika migodi ya eneo la Coal Creek ili kuvunja nguvu ya wachimbaji huru waliodai haki zao. Mwezi Julai 1891 wachimbaji wenye silaha walilizingira boma la wafungwa huko Briceville, wakawapakia wafungwa na walinzi wao katika garimoshi na kuwarudisha Knoxville. Serikali ikawaleta tena. Mwezi Oktoba wachimbaji wakarudi, safari hii wakawaachia huru wafungwa wapatao 300 na kuyachoma moto maboma. Wengi wa wachimbaji hao walikuwa wazungu, na wengi wa wafungwa walikuwa weusi. Hatudai kwamba chuki ya rangi ilikuwa imewatoka. Walichokifahamu ni kwamba mtu anayefanya kazi bure chini ya bunduki huteremsha ujira wa kila mtu aliye karibu naye. Jimbo liliwatuma askari wa mgambo na likawashinda kwa silaha mwaka 1892, lakini gharama ya kuwaweka askari iliifuta faida ya kukodisha, na mikataba ilipokwisha mwaka 1896 haikuendelezwa.

Si kila aliyeupinga mpango huo alikuwa rafiki wa mnyonge. Rebecca Felton wa Georgia alipiga kelele kwa miaka mingi dhidi ya ukodishaji wa wafungwa, na jambo hilo tunampa haki yake. Lakini mwaka 1897 bibi huyo huyo alisimama mbele ya mkutano wa wakulima akahimiza watu weusi wanaotuhumiwa kubaka wanyongwe na umma bila kufikishwa mahakamani. Mwandishi Ida B. Wells, aliyezaliwa mtumwa Mississippi, alikuwa amekwisha kuonyesha tangu mwaka 1892, kwa kuchunguza tukio baada ya tukio, kwamba mara nyingi tuhuma hiyo ilikuwa kisingizio. Rafiki yake Thomas Moss aliuawa na umati mwaka ule karibu na Memphis, na kosa lake la kweli lilikuwa kumiliki duka lililoshindana na duka la mzungu. Mtu mweusi wa mashambani alibanwa kati ya mahakama iliyomhitaji akiwa hai na umati uliomtaka akiwa maiti, na sherifu wa pande zote mbili aliweza kuwa mmoja.

Tunayaandika haya kwa sababu mabarazani husikika hoja, tena kwa watu wenye nia njema, kwamba wafungwa wanakula bure, na kwamba ingefaa wakodishwe kwa wenye mashamba na viwanda ili wailetee serikali mapato. Kazi ndani ya gereza hatuipingi. Mfungwa kujilimia chakula chake ni jambo moja. Serikali kupata fedha kwa kila kichwa kinachoingia gerezani ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa tangu siku hiyo bajeti inaanza kuvitafuta vichwa. Hata mwenye kuleta hoja hii kwa moyo safi hatakuwa yeye atakayekaa katika kituo cha polisi siku mapato yatakapopungua.

Alabama ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuacha kukodisha wafungwa, nayo ilifanya hivyo mwaka 1928. Mississippi iliacha mapema zaidi, lakini mwaka 1901 ikafungua shamba lake lenyewe la Parchman, ambapo wafungwa waliendelea kulima pamba, safari hii kwa faida ya jimbo. Kifungu kile cha mwaka 1865 kingali katika Katiba ya Marekani. Mwezi Novemba 2022 wapiga kura wa Alabama, Tennessee, Oregon na Vermont walikubali kubadili maneno ya namna hiyo katika katiba za majimbo yao. Wa Louisiana walikataa.

Mwaka 2018, katika mji wa Sugar Land huko Texas, mafundi waliokuwa wakijenga shule walifukua mifupa ya binadamu. Yalipatikana makaburi 95. Mwaka 1878 wenye mashamba wawili wa miwa, Cunningham na Ellis, walikuwa wamewakodi wafungwa wa jimbo zima, na eneo lile lilikuwa makaburi ya waliofia katika kazi hiyo na katika miaka iliyofuata. Wataalamu walikadiria kuwa mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Reginald Moore, aliyepata kuwa askari magereza katika sehemu hizo, alikuwa ameonya kwa miaka mingi kwamba makaburi yapo, naye hakusikilizwa. Mwaka 2019 mifupa ile ilizikwa upya pale pale, kando ya shule.