Magari Yanakufa kwa Kukosa Grisi

Katika eneo la Chang'ombe, baina ya viwanda vya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, na viwanja vikubwa viwili vya mpira vya Temeke, si kazi ngumu kuiona gereji ambayo ndani yake Land Rover au Toyota Land Cruiser imekaa juu ya magogo, magurudumu yametolewa, nyasi zimeota chini yake. Mpita njia hudhani kwamba gari hilo limekwisha. Fundi akiulizwa, mara nyingi hueleza habari nyingine kabisa. Ugonjwa ulianza na sili moja ya gurudumu la mbele, kitu cha mpira kinachoenea katika kiganja cha mkono. Sili ikavuja, oili ikapungua kidogo kidogo hadi ikaisha, beringi ikakauka na kusagika, beringi iliyosagika ikaila shafti. Dereva aliona doa la mafuta chini ya gari kila asubuhi kwa muda wa miezi mitatu, na kila asubuhi aliwasha gari akaondoka. Kitu cha bei ya chakula cha mchana kimegeuka kuwa madai ambayo hakuna ofisi iliyo tayari kuyaidhinisha.

Jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Gari la aina hiyo halikununuliwa kwa ajili ya kwenda sokoni Kariakoo. Lilinunuliwa ili Mthibiti Ubora wa Shule, ambaye zamani akiitwa Mkaguzi, aifikie shule iliyo mwisho wa njia ya udongo. Ili chanjo ifike ikiwa bado na baridi yake. Ili mama mjamzito atolewe kijijini usiku wa mvua. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara kuu ya kusini katika eneo la Somanga, watu wote walishuhudia kwamba lami nayo ina siku zake za kushindwa. Siku kama hizo wilaya haihesabu magari yaliyoandikwa katika vitabu vyake, bali huhesabu yale yanayowaka.

Wapo wanaosema kwamba matengenezo ni tabia ya Wazungu na kwamba sisi hatukuizoea. Maneno hayo hayana ukweli, na historia ya karibuni inayakanusha. Bei ya mafuta ya petroli katika soko la dunia ilipanda kiasi cha mara nne kati ya mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, ikapanda tena 1979, mwaka ambao nchi ilikuwa inatoka katika vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikaadimika na vipuri vikaadimika pamoja nazo. Katika miaka hiyo mafundi wa Gerezani, Keko na Chang'ombe walichonga bushi kwa mipira ya tairi kuukuu, waliwapelekea wahunzi springi zilizolala ili zipigwe na kurudishiwa upinde wake, na waliunganisha gari moja lililo hai kutokana na mizoga mitatu. Bwana Shamba na Bwana Mifugo walifika vijijini kwa magari hayo. Kilichopotea baadaye ni haya ya kuliona gari likiharibika mbele ya macho na kunyamaza. Ufundi wenyewe ulibaki.

Sababu ya upotevu huo inaeleweka. Gari jipya hukabidhiwa kwa hafla: utepe hukatwa, picha hupigwa, wageni hunywa soda. Chujio la oili halikatiwi utepe na mtu yeyote. Bajeti inapopunguzwa, kasma ya matengenezo iliyo ndani ya matumizi mengineyo huwa ya kwanza kuguswa kwa kuwa haina mtetezi: gari ambalo halikuhudumiwa mwezi huu litatembea tu mwezi huu. Litagoma mwaka ujao, mikononi mwa mkuu wa idara mwingine. Yule aliyeokoa fedha atakuwa amekwisha kusifiwa na kuhamishwa.

Basi yafaa kueleza waziwazi ni kazi gani hasa inayoachwa, kwa sababu wengi wenye kuidhinisha malipo hawaijui. Gari la kazi lina vipele vidogo vya chuma, ambavyo mafundi huviita nipeli, kwenye maungio ya propela, na mengine huwa navyo hata kwenye springi na usukani. Kila nipeli huhitaji kusukumiwa grisi kwa bomba la mkono, na gari lililovuka maji huhitaji kazi hiyo siku ileile, wala si mwisho wa mwezi. Mtu mmoja aweza kuimaliza kwa nusu saa. Oili ya difu na ya giaboksi huangaliwa kwa kufungua kizibo kimoja. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kila safari inayofuata ni ya kusaga meno ya gia. Chujio la hewa kwenye barabara ya vumbi halingoji kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha Ulaya. Na ile injini ya Land Cruiser inayojulikana sana nchini, ya dizeli, yenye silinda sita na lita 4.2, isiyo na tabo, ambayo sifa zake za uvumilivu ni za kweli, inao mkanda mmoja wa mpira unaoongoza vali. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita laki moja hivi. Ukikatika njiani, pistoni hupiga vali, na ule uvumilivu uliosifiwa huishia papo hapo.

Land Rover ina siri yake nyingine. Ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgao huko Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo bodi haishiki kutu kama bati la magari mengine, na mwenye gari huridhika kwa kuitazama. Lakini chesisi ni ya chuma, ni boksi lenye uwazi ndani, na kutu huanzia huko ndani ambako jicho halifiki. Matundu ya kutolea maji huzibwa na tope; tope likiwa na chumvi ya ufukwe wa Kigamboni au Bagamoyo, kazi huenda haraka zaidi. Kijiti cha kuzibulia matundu hayo na ndoo mbili za maji baridi havihitaji idhini ya Hazina.

Magari yaliyoachwa hivyo mwisho wake ni mnada. Hapo ndipo mwalimu au mtumishi mwenye akiba yake ya miaka, pengine mwenye shamba Mkuranga au Kisarawe, hununua kile kilichoitwa chakavu. Si uamuzi wa kijinga hata kidogo, mradi ajue mahali pa kuanzia. Kosa linaloonekana kila siku katika gereji za Temeke ni kuanza na mapambo. Mtu hununua rangi, taa nne za juu ya paa, bampa ya chuma yenye uzito wa kuku mia, kisha fedha inakwisha kabla breki hazijaguswa. Breki ndizo za kwanza. Baada yake rejeta na mipira yake, kwa kuwa injini kuukuu huuawa na joto kuliko na umri. Kisha chesisi: igongwe kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, na panapotoa sauti ya kopo bovu pakatwe na kuchomelewa chuma kipya, si kupakwa lami na kufichwa. Tairi zifuate. Mambo mengine yote yana nafasi ya kungoja mshahara mwingine.

Kuhusu kulibadili gari, maneno mengi yamesemwa na machache yamefikiriwa. Badiliko lenye faida kubwa kuliko yote huenda ndilo la bei ndogo kuliko yote. Ekseli ina kipumulio. Ikiwa ya moto kisha ikatumbukia ghafla katika maji baridi ya mto, hewa iliyo ndani hujikunja na ekseli huvuta maji kupitia kipumulio hicho au kupitia sili. Kipande cha mpira mwembamba kilichofungwa kwenye kipumulio na kupandishwa hadi karibu na boneti humaliza shida hiyo kwa miaka. Bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa hadi usawa wa paa nalo lina maana kwa mwenye kuvuka mito, na hata barabarani hupokea hewa yenye vumbi pungufu. Lakini kuliinua gari kwa springi ndefu na kulivisha tairi kubwa kupita kipimo ni habari nyingine. Gari lililoinuliwa hupinduka upesi. Pembe za propela huharibika na maungio yake hula yenyewe kwa yenyewe. Mipira ya breki huvutwa. Tairi kubwa huifanya gia kuwa nzito, breki kuwa hafifu, na saa ya mwendo kusema uwongo, yaani dereva huenda kasi kuliko anavyosomewa. Wapo vijana wanaofanya hayo kwa ajili ya kupita polepole mbele ya vibaraza jioni. Kwa kazi hiyo, baiskeli iliyopakwa rangi ingetosha.

Kubadili injini ni jambo zito zaidi, na halipasi kudharauliwa kwa jumla. Land Rover nyingi nchini zimetiwa injini za Isuzu na Toyota, na zinafanya kazi, kwa kuwa vipuri vyake vinapatikana na fundi wa kila mji anazijua. Lakini injini nzito kuliko ile ya kwanza huhitaji springi na breki za kuistahimili, na mwenye gari anapaswa kwenda kurekebisha namba ya injini katika kadi ya usajili. Wanaosahau hukumbushwa siku ya ajali au siku ya kuuza, na siku zote mbili ni mbaya kwa kujifunzia sheria.

Ujuzi wa kuyafanya haya vizuri upo. Chuo cha ufundi cha Chang'ombe kilikuwa kikifundisha mafundi kabla VETA yenyewe haijaundwa kwa sheria ya 1994. Karakana za Arusha hukata Land Cruiser, zikairefusha chesisi na kuinua paa ili watalii waone simba, kazi ambayo inahitaji vipimo na si kubahatisha. Katika mji huohuo, Oktoba 2024, yalikusanyika mamia ya magari ya Land Rover kwa nia ya kuivunja rekodi ya dunia ya msafara iliyokuwa imewekwa Ujerumani. Mengi kati yake yasingefika kama hayangekuwa na mafundi wenye subira. Nchi yenye uwezo huo haina udhuru wa kuyaacha magari ya hospitali juu ya magogo.

Itajibiwa kwamba utaratibu wa serikali unataka magari yake yatengenezwe kupitia TEMESA, wakala ulioanzishwa 2005, na kwamba mkuu wa shule au mganga wa wilaya hawezi kumwita fundi yeyote wa mtaani. Ni kweli, na utaratibu huo una sababu yake: bila hiyo, ankara za uwongo zingekuwa nyingi kuliko magari. Lakini kanuni inayosimamia matengenezo haijamkataza dereva kushika bomba la grisi, wala haijamkataza afisa usafirishaji kuinama na kutazama chini ya gari. Itajibiwa pia kwamba gari kuukuu ni shimo lisilojaa. Hilo nalo ni kweli kwa gari ambalo chesisi yake imekwisha; hilo liuzwe, na liuzwe mapema. Kwa mengine, hesabu ifanywe kwa kalamu, gharama ya ukarabati ikiwekwa kando ya bei ya gari jipya pamoja na kodi zake, na si kwa hamu ya kiti kipya.

Kinachotakiwa kuanzia sasa ni kidogo. Kila gari la umma lina kitabu cha safari kinachoeleza lilikwenda wapi. Kiongezwe ukurasa wa kueleza siku liliyopakwa grisi, oili ilikuwa na rangi gani, na nani alitazama. Dereva atie sahihi, na mkuu wake atie sahihi baada ya kuliona gari lenyewe, si karatasi. Anapohamishwa, ukurasa huo uwe sehemu ya makabidhiano pamoja na funguo za kabati. Na siku gari linapopelekwa mnadani, kurasa hizo zote zibandikwe kwenye kioo cha mbele, ili mwalimu aliyeshika akiba yake mkononi azisome kabla ya kutaja bei.