Unga wa Mashine ya Kijijini Nao Uongezwe Virutubishi



Mwaka wa mvua nzuri, sisi wa Shinyanga na Geita tunapata ugali. Lakini tumbo kushiba ni jambo moja, na mwili kupata nguvu ni jambo jingine.

Mahindi yakikobolewa, pumba hutoka pamoja na kiini. Humo ndimo yalimo madini na vitamini nyingi. Sisi tunabaki na wanga, pumba anapewa nguruwe, naye ananenepa! Hata kule machimboni, Nyarugusu na Mgusu, mchimbaji afanyaye kazi nzito hutaka sembe nyeupe.

Mwaka 2011 Serikali ilitoa kanuni za kuongeza virutubishi katika chakula. Unga wa mahindi na wa ngano huongezwa madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Mafuta ya kula huongezwa vitamini A. Kanuni hizo ni nzuri. Ila zinamfikia zaidi mwenye kiwanda cha mjini. Wewe unapeleka debe lako kwenye mashine ya kijijini, na mashine nyingi za kijijini hazina kifaa cha kuchanganyia virutubishi. Basi anayenunua unga dukani anasaidiwa, na mkulima aliyelima mahindi yale anasahauliwa. Hilo mimi silikubali.

Fikiri juu ya foliki asidi. Mama akipungukiwa nayo mwanzoni mwa mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Pengine kichwa chake hujaa maji. Watoto wa namna hiyo hupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kupasuliwa. Mgongo wa mtoto hufungika katika mwezi wa kwanza, wakati mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Akienda kliniki kupewa vidonge, wakati huo umepita. Unga wa kila siku hauchelewi.

Wapo wasemao kuwa unga huo una dawa ya kuzuia uzazi. Si kweli. Chumvi yenye madini joto tunaila tangu miaka ya 1990. Imepunguza rovu, na watoto tunaendelea kuzaa.

Wenye mashine hawakatai kwa ubaya. Kifaa kina gharama, na virutubishi hununuliwa. Akiongeza bei, wateja watahamia kwa jirani. Kwa hiyo Serikali isitoe amri tu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama chenye mashine kikopeshwe kifaa hicho. Geita, ambako halmashauri hupata ushuru wa migodi ya dhahabu, sioni kisingizio.

Na mafuta je? Vitamini A huharibiwa na mwanga wa jua. Muuza duka anayepanga chupa nyeupe za mafuta juani anauza mafuta yaliyopungua vitamini. Nunua yaliyokaa kivulini. Nsansa nayo ianike kivulini, kwa sababu hiyo hiyo.

Tusingojee yote kutoka juu. Unga wa uji wa shule hununuliwa au kusagwa kwa fedha zetu wazazi. Katika mkutano ujao wa kijiji, nyosha mkono, umwulize mwenyekiti: unga huo unasagwa wapi, na umeongezwa nini?