Kabla hujamrekodi, piga hodi kwao



Ile video ya kijana anayesinzia maskani kwa unga, umeisambaza mara ngapi? Mamake pia aliipata, kwenye grupu la WhatsApp la harusi. Leo mwanawe ana miezi minane kwa methadoni. Kila siku anaenda kliniki kunywa dawa mbele ya muuguzi. Lakini akiomba kazi, watu wanakumbuka video.

Sisemi tunyamaze. Unga umetumaliza Mombasa, Malindi hadi Lamu, na familia ikificha, msaada haufiki. Nasema tuandike kwa haki. Piga hodi, omba ruhusa, jina na sura viache. Andika nauli ya kliniki ya kila siku inatoka wapi. Andika nani kashikwa na polisi akifuata dawa. Andika dada aliyeacha shule alee mtoto wa kakake. Hayo ndiyo ya kupeleka kaunti na kwa maimamu wetu. Sura ya mgonjwa haituletei kliniki nyingine.

Kumsitiri ndugu yako ni dini. Kama video bado iko kwa simu yako, ifute sasa hivi.